Kwa Nini Jaime Reyes Aliwaambia Wazazi Wake

Kazi yangu ni kuhariri hadithi za katuni, na aina ya mswada ninaoupokea mara nyingi kuliko yote ni huu: kijana amepata nguvu za ajabu, anagundua kwamba viumbe wa sayari nyingine wameshaingia duniani, na hakuna mwingine anayejua. Mingi hukwamia mahali pamoja. Mwandishi ameziorodhesha nguvu za shujaa hadi ya mwisho, ila hajajiuliza ni nani anayemjua huyo kijana vizuri kiasi cha kugundua akibadilishwa.

Wavamizi wanaojificha si wapya. Stan Lee na Jack Kirby waliwaleta Skrull, wenye uwezo wa kujigeuza sura, katika toleo la pili la Fantastic Four, katuni ya kundi la mashujaa wanne, lenye tarehe ya Januari 1962. Wanajifanya ndio mashujaa wenyewe, wanafanya uharibifu, na umma unawageukia mashujaa wa kweli. Reed Richards, kiongozi wa mashujaa hao, anawatisha wakubwa wao kwa picha zilizokatwa kwenye majarida ya katuni za madude, akidai ndiyo majeshi ya Dunia. Waliobaki anawaamuru wajigeuze ng'ombe, kisha anawasahaulisha kwamba waliwahi kuwa kitu kingine. Ninaipenda sana hila hiyo. Lakini angalia walichoshambulia Skrull: jina. Watu wazima mashuhuri wana jina la kuchafuliwa.

Kijana hana. Alichonacho ni nyumba, marafiki wawili watatu, na kiti chake mezani. Adui akitaka kumuumiza ataingia humo. Kuna ugumu mwingine, ambao ndio unaonifanya niithamini aina hii ya hadithi: shujaa naye anaficha sura. Kama kila usiku anamdanganya mama yake alikokuwa, mama atajuaje siku ambayo aliyerudi siye? Kila uongo wa shujaa unampunguzia mvamizi kazi. Mwandishi asipoliona hilo, hadithi huishia kwenye ngumi na majengo yanayoporomoka, na mimi huirudisha.

Walioliona ni Keith Giffen, John Rogers na mchoraji Cully Hamner, waliomtengeneza Jaime Reyes, aliyeanza kuwa na mfululizo wake mwaka 2006. Ni wa tatu kubeba jina la shujaa Blue Beetle, yaani mbawakawa wa buluu. Wa kwanza alitokea 1939. Jaime ni kijana wa El Paso, Texas. Baba yake ni fundi wa magari, mama yake nesi. Mbawakawa wa buluu anajipachika kwenye uti wake wa mgongo na kumvika deraya, na kwa muda mrefu haijulikani ni kitu gani. Kumbe ni silaha ya Reach, himaya ya sayari nyingine, iliyotangulizwa ili imtawale aliyeibeba na kuandaa njia. Wenyewe wanafika baadaye wakijitangaza marafiki wa wanadamu, mikono imejaa misaada. Uvamizi, basi, umekwisha kuanza, na umeanzia mgongoni mwa mtoto wa watu.

Mwanzoni maneno ya mbawakawa yalichapwa kwa alama zisizosomeka. Jaime anaanza kuelewa, msomaji haelewi. Unamwona kijana akibishana na sauti usiyoweza kuisoma, na unabaki na wasiwasi uleule walio nao jamaa zake: anaongea na nani, na nani anamjibu? Kwa kiputo kimoja tu cha maneno, msomaji amewekwa upande wa familia.

Halafu Jaime anafanya jambo ambalo mashujaa wengi hulikwepa. Anarudi nyumbani baada ya kupotea mwaka mzima, na anawaambia. Wazazi wanaogopa, wanauliza, wanaumia, lakini wanajua. Tangu hapo Reach hawana mlango wa siri katika nyumba ile. Mbawakawa mwenyewe, kwa kuishi na kijana mwenye watu wake, hatimaye anachagua kusimama na Jaime badala ya waliomtuma.

Majuzi nilihariri mswada wa msichana ambaye kaka yake amebadilishwa. Mwandishi alikuwa amempa yule wa bandia macho yanayong'aa gizani. Nilimwomba ayafute, nikamuuliza kaka huyu huingiaje chumbani kwa dada yake. Akajibu bila kufikiri: hugonga mara mbili na kufungua kabla hajaitikiwa, na wamegombana kwa hilo miaka nenda rudi. Basi tukatenga ukurasa mzima wenye visanduku vitatu. Cha kwanza, mlango unagongwa mara mbili. Cha pili, msichana ameinua macho kutoka kwenye daftari, mlango bado umefungwa. Cha tatu ni hichohicho cha pili, hakuna kilichobadilika, ila kalamu imemdondoka.