Kipimo cha Nguvu ya Pumzi: Nani Anakihitaji?

Picha ya eksirei huonyesha umbo la mapafu, si kasi ya hewa ndani yake. Ndiyo maana mtu anaweza kuambiwa picha yake ni safi, na bado akahema akipanda ngazi chache. Huyo anahitaji spirometria, yaani kipimo cha kiasi na kasi ya hewa anayopuliza.

Utakaa wima, pua ikibanwa kwa kibano. Utavuta hewa hadi kifua kijae, ufumbe midomo barabara kwenye mrija, kisha upulize kwa nguvu zako zote na kuendelea hata ukihisi huna hewa tena. Wengi huachia hapo, mapema mno, na majibu yakapotosha. Kwa hiyo mpimaji akikukazania "puliza, puliza!" usimnunie. Utarudia angalau mara 3, maana mapulizo mawili bora lazima yakaribiane.

Mashine husoma hewa yote uliyotoa na kiasi kilichotoka katika sekunde ya kwanza. Kwa mtu mzima, sekunde hiyo ikitoa chini ya takriban asilimia 70 ya hewa yote, yaelekea njia za hewa zimebana. Atapewa dawa ya kuvuta ya kutanua njia hizo, na baada ya dakika 15 hivi apimwe tena. Akipata nafuu kubwa, tunashuku pumu. Asipopata, hasa kama amevuta sigara au moshi wa kuni miaka mingi, tunafikiria ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa.

Kikohozi kisichokoma, kifua kinachopiga miluzi na kukosa pumzi ndizo sababu za kawaida za kupimwa. Wamo pia wanaofanya kazi kwenye vumbi la mawe au kemikali, na wanaosubiri upasuaji wa mapafu. Ninaloona si haki ni mgonjwa kutumia dawa za pumu miaka na miaka bila kupimwa hata mara moja. Ila majibu mazuri hayafuti pumu: ugonjwa huu huja na kuondoka, na huenda ulipimwa siku ya nafuu.

Usile ukashiba sana saa 2 kabla ya kipimo, wala usivute sigara siku hiyo. Kuhusu dawa zako za kuvuta, uliza kwanza. Usiziache kwa uamuzi wako. Tena mweleze mpimaji ikiwa karibuni umepata shambulio la moyo, umefanyiwa upasuaji wa jicho, kichwa au kifua, unakohoa damu au unashukiwa kuwa na kifua kikuu, kwani huenda kipimo kikaahirishwa.