Je, wajua kwa nini aliyeua anaweza asitiwe hatiani kwa mauaji?

Mtu kafa, aliyemuua anajulikana. Basi mahakama inatafuta nini tena? Inatafuta nia.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inatenga makosa mawili. Mauaji, kifungu cha 196, ni kuua kwa nia ovu, na adhabu yake ni kunyongwa hadi kufa. Kuua bila kukusudia, kifungu cha 195, adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha, na jaji anaweza kutoa pungufu. Nia ovu si lazima iwe njama ya wiki nzima. Aliyekusudia kumjeruhi mwenzake vibaya, naye akafa, anaweza kutiwa hatiani kwa mauaji.

Mwanafunzi wa Iringa hahitaji kwenda mbali kutafuta mifano. Siku ya Krismasi mwaka 1971, mkulima Said Mwamwindi wa Isimani alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, walipogombana shambani, wakati wa msukumo wa vijiji vya ujamaa. Sheria inatambua kughadhabishwa: anayeua ghafla kwa hasira ya kuchokozwa, kabla hajapata muda wa kutulia, huhesabiwa kuwa ameua bila kukusudia. Utetezi wa kughadhabishwa haukumwokoa Mwamwindi. Alitiwa hatiani kwa mauaji, akahukumiwa kifo.

Tarehe 2 Septemba 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kwa bomu la machozi huko Nyololo, Mufindi. Askari polisi alishtakiwa kwa mauaji. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Iringa ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikampa miaka 15 jela. Wengi waliumia, na ninawaelewa. Lakini upande wa mashtaka unapaswa kuthibitisha kila kipengele cha kosa, nia ikiwemo, bila kuacha shaka ya msingi. Nia isipothibitika, jaji hawezi kuijazia mwenyewe, hata mji mzima ukiwa na uchungu.

Kesi za namna hii ndizo zenye ile sentensi ya redioni: "Mshtakiwa hakutakiwa kujibu chochote." Vijana hudhani amependelewa. Sivyo. Kesi ya mauaji huanzia mahakama ya chini, ambayo kwa kawaida haina mamlaka ya kuisikiliza. Kazi yake ni kumsomea shtaka na kusubiri upelelezi ukamilike ili jalada lipande Mahakama Kuu. Wakati huo anakaa mahabusu, kwa kuwa mauaji hayana dhamana. Mahabusu si mfungwa. Mfungwa ameshahukumiwa, mahabusu bado anahesabiwa hana hatia, na Katiba inasema hivyo katika ibara ya 13(6)(b).

Msamiati unaopotosha kuliko wote, kwa maoni yangu, ni "ana kesi ya kujibu". Magazeti yakiuandika, mtaani watu wanasema kafungwa tayari. Maana yake ni kwamba mashahidi wa mashtaka wamemaliza, na jaji ameona ushahidi wao unatosha kumtaka mshtakiwa ajitetee. Bado hajasikilizwa. Anaweza kupanda kizimbani, akaleta mashahidi wake, na mwisho akaachiwa huru. Akitiwa hatiani na Mahakama Kuu, bado anayo nafasi ya kukata rufaa Mahakama ya Rufani.