"Kusini hakuna vitabu" na dhana nyingine potofu kuhusu maandishi ya kale

Msimu wa korosho ukifika, Mtwara na Lindi husikii jingine ila bei ya mnada, na ukionekana barazani umeshika kitabu utaulizwa unasomea mtihani gani. Ni utani tu, ila umebeba imani kadhaa: kwamba kitabu ni cha mtihani, cha zamani kimepitwa na wakati, na huku kusini hatukuwahi kuwa na maandishi ya maana, sisi ni watu wa ngoma na vinyago. Ya vinyago ni kweli na sifa zake tunazipokea. Hayo mengine hayasimami.

Dhana: Kitabu ulichokisoma shuleni umeshakimaliza

Mfano wa karibu ni Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hii ya kusini, iliyochapishwa mwaka 1969. Inahusu vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, ambamo watu waliamini maji ya dawa ya Kinjeketile yangewakinga na risasi. Imepita mikononi mwa vizazi vya wanafunzi. Fungua nakala yoyote iliyokwishatumika uone walivyoipitia: penseli imepigwa chini ya kila sentensi yenye harufu ya umoja au ukoloni, pembeni pameandikwa "dhamira", mbele kidogo "nafasi ya mwanamke", na kurasa zisizoulizwa kwenye mtihani ni safi kama siku zilipotoka kiwandani. Aliyekosa nakala alisoma madesa.

Rudi kwenye hizo kurasa safi. Tamthilia inaanza na wanawake wanaozungumzia njaa, wakati waume zao wanatumikishwa kwenye shamba la Mjerumani. Kijana wa sekondari hulipita onyesho hilo mbio ili awahi vitani. Mwenye watoto, ambaye amewahi kukaa Februari na ghala tupu, atatua hapo. Kisha yupo Kinjeketile mwenyewe. Darasani jibu lilikuwa ama shujaa ama mdanganyifu, alama zikatolewa, tukaendelea na maisha. Hussein ameandika jambo gumu zaidi: mtu anatoa neno, watu wanalipokea, neno linakua hadi linamzidi nguvu aliyelitoa, na akitaka kulizuia hasikilizwi tena. Akiwa kifungoni, anatakiwa akiri tu kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa akikiri, watoto wa kesho wataambiwa kwamba hata kuipinga dhuluma lilikuwa kosa. Aliyewahi kusimama mkutanoni akasema jambo, kesho yake akalikuta sokoni limegeuka sura, atasoma kurasa hizo kwa macho mengine kabisa. Katika umri wa miaka kumi na saba wengi wetu hatukuwa tumefika huko, na hilo si kosa la mwanafunzi wala la mwalimu wake.

Dhana: Ukisoma Kinjeketile umeijua Maji Maji

Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba mhusika wake ni wa kubuni. Kinjikitile Ngwale wa historia, mkazi wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, muda mfupi tu baada ya miche ya pamba kung'olewa Nandete, kwenye milima ya Wamatumbi katika wilaya ya leo ya Kilwa. Vita viliendelea hadi 1907 bila yeye. Kwenye jukwaa anaachwa hai mpaka ashuhudie watu wake wakianguka, maana mwandishi alihitaji mtu wa kulibeba swali, na maiti haibebi swali.

Kwa hiyo tamthilia hii yafaa isomwe na wenziwe. Wa kwanza ni Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, uliochapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Anayeufungua akitarajia mashujaa wasifiwe ataufunga kwa hasira. Mtunzi anatazama vita kwa jicho la mtu wa mjini aliye karibu na serikali, na walioshika silaha anawaona waasi waliopotoshwa. Wapo wanaosema basi utenzi huo tuachane nao. Mimi nasema ndio kwanza wa kurudiwa, kwa sababu unaonyesha kwamba kusini haikuwa na sauti moja. Kati ya mtu wa Lindi mjini na mkulima wa Umatumbini palikuwa na umbali mkubwa, na tamthilia ya miaka ile ya kujenga taifa haikuwa na haja ya kuuanika.

Wa pili ni kumbukumbu za wazee zilizokusanywa na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, zikahaririwa na wanahistoria Gwassa na Iliffe na kuanza kuchapishwa mwaka 1968. Humo wazee wanasimulia mashamba ya pamba ya lazima na viboko, kwa mpangilio wao wenyewe. Maandishi matatu, vita vile vile, na yote yanatugusa sisi wa huku. Anayesema kusini hakuna vitabu ameangalia wapi?

Dhana: Masimulizi ya kale ya Kilwa ni ngano

Historia ya Kilwa iliandikwa kwa Kiarabu na mwenyeji wa huko katika karne ya 16, na Mreno João de Barros aliingiza toleo lake katika kitabu alichokitoa mwaka 1552. Inasimulia Ali bin al-Hasan aliyekuja kutoka Shirazi, mji wa Uajemi (Iran ya leo), akakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Mfalme aliyekiuza akaondoka kwenda bara akiwa na nia ya kurudi maji yakipwa, avuke kwa miguu na kumuua mnunuzi. Mnunuzi akashtukia, akakichimba kile kivuko kikawa na kina. Tazama jinsi hadithi ilivyosukwa: usalama wa nchi nzima umening'inizwa kwenye bamvua na kupwa. Mtu wa Kilwa Masoko anayeangalia kisiwa kila siku hahitaji kufafanuliwa.

Kwa miongo mingi wataalamu wengi waliichukulia asili ya Shirazi kuwa majigambo ya wakubwa waliotaka ukoo wa mbali. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa zama zilizopita, waliozikwa kwenye miji ya pwani na mmoja wa bara. Wengi wa watu wa miji ya pwani walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao Afrika, hasa kwa upande wa mama, na sehemu kubwa ya asili yao ya Asia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Mchanganyiko ulianza karibu na mwaka 1000. Wakongwe wa Kilwa, kumbe, hawakuwa wanaota. Lakini waandishi wale waliwataja akina baba kwa majina, ilhali mama, ambaye ndiye aliyechangia zaidi, yumo kwa nadra sana. Siku hizi ukiisoma historia hiyo unamtafuta huyo mama katika kila ukurasa, jambo ambalo msomaji wa 1950 asingekuwa na sababu ya kulifanya.

Dhana: Lugha yake inamshinda mtu wa kawaida

Inamshinda anayesoma kimya na kwa haraka. Utenzi una mizani minane kwa kila kipande, ulitungwa usikike, na ukisomwa kwa sauti, mzee mmoja akiwepo, maneno mengi yanajifungua. Katika Matendo ya Mitume sura ya 8, mtu wa Kushi amekaa garini anamsoma Isaya, maandishi ambayo hata wakati ule yalikuwa ya kale. Filipo anamwuliza kama anaelewa. "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Waziri wa fedha wa malkia, haoni aibu.

Mwalimu Nyerere naye alizichukua Injili nne na hayo Matendo akazigeuza kuwa tenzi, zikachapishwa mwaka 1996 na Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wa Ndanda na Peramiho. Ndanda ni hapa hapa Mtwara.

Dhana: Maandishi ya kale ya Kikristo ni ya Wazungu, na ni kazi ya mapadre

Dhana hii inaeleweka kwetu. Waanglikana walifika Masasi na Askofu Steere mwaka 1876, Wabenediktini wakaanza Ndanda mwaka 1906, na vitabu vikaja nao, kwa hiyo tukadhani vilizaliwa huko walikotoka. Lakini Agostino, ambaye Wakristo wa Magharibi wamemsoma kuliko karibu mwandishi yeyote baada ya Biblia, alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika Algeria ya leo. Maungamo yake, aliyoyaandika miaka ya mwisho ya karne ya 4, yanaingia mahali ambapo vitabu vingi vya dini haviingii. Anatumia kurasa kadhaa kujihoji kwa nini akiwa kijana wa miaka kumi na sita aliiba mapeasi ya jirani, hana njaa, kwao yapo mazuri zaidi, na mengi akaishia kuwatupia nguruwe. Kila aliyewahi kuangua maembe ya watu kwa sababu tu wenzake walikuwepo atajiona humo.

Na huyu ndiye shahidi mzuri wa kurudia kitabu. Ujanani aliijaribu Biblia akaidharau, akaona haifikii ufasaha wa Cicero, msemaji mashuhuri wa Kirumi. Miaka ikapita, akamsikiliza Askofu Ambrosi kule Milano akiifafanua, akaifungua tena, na mwaka 387 akabatizwa. Maneno yalikuwa yale yale. Uzeeni, yapata mwaka 427, alikuwa amevirudia vitabu vyake mwenyewe kimoja kimoja kwa mpangilio wa miaka, kazi 93 kwa hesabu yake, akiandika wapi alikosea na wapi alieleweka vibaya. Alikusudia kufanya hivyo hivyo kwa barua na mahubiri, lakini alifariki mwaka 430 kazi hiyo haijakamilika.