Je, wajua kwa nini Ken Saro-Wiwa na wenzake hawakuweza kukata rufaa?

Tarehe 31 Oktoba 1995 mahakama maalumu iliyoketi Port Harcourt, kusini mwa Nigeria, ilimhukumu kifo mwandishi Ken Saro-Wiwa. Tarehe 10 Novemba alinyongwa pamoja na Waogoni wenzake wanane. Zilipita siku 10 tu. Sisi tuliozoea kuona kesi ya mpaka wa shamba ikipanda ngazi za mahakama kwa miaka hatuna budi kuuliza rufaa ilikwenda wapi. Haikwenda popote, kwa sababu sheria iliyotumika iliandikwa ili rufaa isiwepo.

Waogoni ni kabila dogo, takriban watu nusu milioni wakati huo, katika delta ya mto Niger. Mafuta yalipogunduliwa kwao mwaka 1958, mabomba yalipitishwa kwenye mashamba ya mihogo na viazi vikuu, na miali ya gesi ikawaka usiku na mchana karibu na makazi. Madhara yake hayakwisha upesi: mwaka 2011 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliopima visima vya Nisisioken Ogale, katika eneo la Waogoni, walikuta benzini, kemikali inayosababisha saratani, kwa kiwango kinachozidi mara 900 kile cha Shirika la Afya Duniani, katika maji ambayo watu walikuwa wakiyanywa.

Mwaka 1990 Waogoni, Saro-Wiwa akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliunda vuguvugu lao, MOSOP, wakadai sehemu ya mapato ya mafuta na uhuru wa kuendesha mambo yao ndani ya Nigeria. Tarehe 4 Januari 1993 watu wapatao 300,000 waliandamana kwa amani. Serikali ya kijeshi ilijibu kwa amri iliyoweza kuhesabu madai ya namna hiyo kuwa uhaini, kisha ikapeleka kikosi cha askari vijijini.

Tarehe 21 Mei 1994 kundi la watu liliwaua wazee wanne wa Kiogoni huko Giokoo. Ulikuwa uovu mkubwa, na familia zao zilistahili haki ya kweli. Saro-Wiwa hakuwapo, siku hiyo askari walimzuia njiani na kumrudisha. Hata hivyo alikamatwa kesho yake kwa madai kwamba alichochea mauaji.

Kesi haikupelekwa Mahakama Kuu. Ilisikilizwa chini ya amri ya kijeshi ya mwaka 1987 kuhusu ghasia, mbele ya watu watatu walioteuliwa na serikali: majaji wawili na ofisa mmoja wa jeshi. Amri hiyo iliziondolea mahakama za kawaida uwezo wa kuhoji uamuzi, na badala ya rufaa ikaweka uthibitisho wa baraza tawala la kijeshi la Jenerali Sani Abacha. Huku ndiko kumpelekea nyani kesi ya ngedere: dola iliyoshtaki ndiyo iliyoteua waamuzi, na ndiyo iliyosema neno la mwisho. Mashahidi wawili wa upande wa mashtaka waliapa kwamba walihongwa, na mawakili wa utetezi wakiongozwa na Gani Fawehinmi walijitoa kwa kuona haki haiwezekani. Tarehe 8 Novemba baraza lilithibitisha hukumu.

Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikuwa imeiomba Nigeria isitishe utekelezaji, nayo haikusikilizwa. Jumuiya ya Madola iliisimamisha Nigeria uanachama siku moja baada ya kunyongwa kwao. Mwaka 1998 Tume ilitamka kwamba Nigeria ilikiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, ule ule unaozibana Kenya na Tanzania, ikiwamo haki ya kusikilizwa na chombo huru na haki ya kukata rufaa.

Juni 2025 Rais Bola Tinubu wa Nigeria alitangaza msamaha na nishani za taifa kwa wote tisa. Lakini msamaha hupewa mwenye kosa, na wanaharakati wa Kiogoni wameendelea kudai kitu tofauti kabisa: hukumu yenyewe ifutwe, na majina ya watu tisa yasafishwe.