Palitana, Mlima Usiolaliwa

Jua linapoanza kuzama, mlima wa Shatrunjaya huhamwa. Mahujaji, makuhani na wachukuzi wote hushika ngazi na kuteremka hadi mjini Palitana. Huko juu hubaki mahekalu zaidi ya 800. Ada ya Wajaini, wafuasi wa dini ya Ujaini yenye asili ya India, hairuhusu mtu kulala mlimani, hata kuhani, kwa sababu wanauhesabu kuwa mji wa watakatifu.

Palitana ni mji mdogo wa wilaya ya Bhavnagar, jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Sisi wa makumbusho tunapotembeza wageni Mombasa, tukifika Barabara ya Langoni, mbele ya hekalu lao la marumaru nyeupe, swali huwa lilelile: Mabaniani hawa wanaabudu nini? Neno Baniani tumezoea kumtwisha kila Mhindi asiye Mwislamu, na hapo ndipo tunapopotea. Ujaini ni dini inayojitegemea. Haina mungu muumba. Wafuasi wake huwatukuza walimu 24 waitwao Tirthankara, yaani wajenzi wa kivuko, waliovuka mkondo wa kuzaliwa, kufa na kuzaliwa tena, kisha wakawaonyesha wengine pa kuvukia. Mtu wa Likoni, penye kivuko cha Mombasa, hahitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Wa kwanza wao, Adinath, ndiye mwenye hekalu kuu la Shatrunjaya. Na watu wa jamii ya Waoshwal, ambao ndio wengi kati ya Wajaini wa Kenya, asili yao ni vijiji vya kandokando ya Jamnagar, kwenye rasi ileile ya Kathiawar iliko Palitana.

Anayetaka kuuelewa Ujaini, mimi humwambia atazame miguu. Ngazi za Shatrunjaya zinapita 3,000. Wengi huzipanda peku, alfajiri, kabla mawe hayajashika moto, na njiani hawali kitu. Asiyejiweza hukalia doli, kiti kilichofungwa kwenye mti unaobebwa mabegani. Wapo wanaoweka nia ya kupanda mara 99, na wakaitimiza.

Halafu inakuja miezi minne ya masika ya India, na hija husimama. Ardhi ikilowa, wadudu na machipukizi hujaa njiani, na kila unyayo ungekanyaga uhai. Watawa wao nao hutembea na ufagio laini wa sufu, wakafagia taratibu mahali kabla ya kuketi, asije akapondwa hata sisimizi. Hiyo ndiyo ahimsa, kutodhuru kiumbe chochote, nguzo ya dini nzima. Lakini nguzo hiyo ina uzito hata kwa jirani. Mwaka 2014 watawa wapatao 200 waligoma kula wakitaka machinjio ya Palitana yafungwe, na serikali ya jimbo ikakubali. Waislamu wa mji ule, ambao baadhi yao walikula kwa kazi ya nyama na samaki, walilalamika kwamba riziki yao imekatwa. Naiheshimu ahimsa kwa moyo wote, na bado nasema malalamiko yao yalistahili kusikilizwa.

Miguu hiyohiyo iliwahi kuwa silaha. Mtawala wa Palitana alidai kodi kwa mahujaji, na mwaka 1926 mgogoro ulipofika kilele, Wajaini waliacha kwenda. Kwa takriban miaka miwili mlima ukawa mtupu hata mchana. Mwaka 1928 wakapatana: Wajaini watoe fungu moja la fedha kila mwaka, na hujaji asitozwe mmojammoja.

Kule kileleni pia kuna ziara ya walii wa Kiislamu, Angar Pir. Wanawake wanaotamani mtoto hupanda ngazi zilezile, Wajaini kwa Waislamu, wakaacha pale vitanda vidogo vya kubembelezea watoto, kisha huteremka kabla ya giza kama wengine wote.