Nishani za Keya si Mali ya Kifungua Mimba

Kila msimu wa kesi huniletea mtu wa kunifahamisha, kwa upole wa mwalimu anayemsaidia mwanafunzi mzito, kwamba nishani za mzee aliyepigana katika Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza enzi za ukoloni, ni za mtoto wake wa kwanza wa kiume, na kwamba huyo anaweza kuziuza bila kumwuliza dada, mdogo wake wala mama wa kambo. Mara hii aliyenifahamisha alikuwa tayari amepokea fedha za awali kutoka kwa mnunuzi, ndiyo sababu ya makala haya.

Sehemu rahisi niimalize upesi. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kwa mzee aliyefariki baada ya siku hiyo bila kuacha wosia, sheria haiulizi nani alitangulia kuzaliwa wala nani ni wa kike. Akiacha mke mmoja na watoto, kifungu cha 35 humpa mjane vitu binafsi na vya nyumbani viwe vyake kabisa; asipokuwapo mjane, kifungu cha 38 huwagawia watoto sawasawa; na palipokuwa na wake wengi, kifungu cha 40 hugawa kwa nyumba, yaani kila mke na watoto wake, kulingana na idadi ya watoto, kila mjane akihesabiwa kama kichwa kimoja zaidi. Mzee akiwa Mwislamu, mafungu ni ya sharia, ambako mtoto wa kiume hupata maradufu ya wa kike, lakini kati ya wana wa kiume wa kwanza na wa mwisho ni sawa.

Sasa nishani yenyewe ni kitu gani mbele ya sheria? Kifungu cha 3 kinataja, miongoni mwa vitu binafsi na vya nyumbani, mavazi na vitu vya matumizi binafsi na vya kujipamba, kisha kinaondoa gari na kitu chochote kilichohusiana na biashara au taaluma ya marehemu. Nishani huvaliwa kifuani, basi ni pambo, na mjane anaichukua. Lakini ilipatikana jeshini, na jeshi ni kazi. Je, mtu aliyetumikia miaka michache ya vita, kisha akalima mahindi maisha yake yote, taaluma yake ilikuwa uaskari? Mimi huegemea upande wa mjane, ingawa nakiri kwamba nimewahi kuijenga hoja hii kwa pande zote mbili, ikitegemea nani ameketi upande wangu wa meza, na sikuwahi kuona haya.

Kinachonikera zaidi ni kwamba vifungua mimba hawa wana chembe ya ukweli, nao hawaijui. Wazee wengi wa Keya waliopigana Abyssinia (Ethiopia) na Burma walifariki kabla ya 1981, na kifungu cha 2 kinasema kwamba mirathi ya waliotangulia siku hiyo hufuata sheria na mila zilizokuwapo walipofariki, hata kama usimamizi wake utafanywa kwa utaratibu wa sheria mpya. Hapo ndipo mila inapoingia mlangoni kihalali, na hapo ndipo mteja wangu hutabasamu mapema mno. Mila inayodaiwa lazima ithibitishwe, na ikithibitishwa mara nyingi husema jambo tofauti na analolitaka. Chukua Wakikuyu: mwana wa kwanza huwa muramati, yaani mtunzaji wa mali kwa niaba ya ukoo mzima. Anayetunza hana ruhusa ya kuuza peke yake. Mtu anayekuja ofisini na mila mkono mmoja na risiti ya mnunuzi mkono wa pili ameivunja ile mila anayoitegemea. Sidai kwamba jamii zote ziko hivyo, wala sijui kwa yakini hakimu ataipima vipi nishani, ambayo si shamba, si ng'ombe, wala si kigoda cha mzee.

Kuhusu kuuza kabla ya mahakama kutoa hati ya usimamizi, kifungu cha 45 hukuita mwingiliaji wa mali ya marehemu, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Barua ya chifu haikuondolei kosa hilo. Kazi yake ni kuwatambulisha warithi.

Na wanagombania kiasi gani? Zile nyota, yaani nishani zenye umbo la nyota, za vita vya 1939–1945 si dhahabu, ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na Uingereza ilizitoa bila jina la askari. Nyota ya Burma, yenye utepe wa buluu iliyokoza, mstari mwekundu katikati na michirizi ya rangi ya chungwa, ikiwa peke yake haisemi ilikuwa ya nani. Nishani ya madini ya fedha ya vita vya 1914–1918 ni habari nyingine: ukiigeuza kwenye mwanga utasoma ukingoni namba, cheo na jina la askari, mradi mjukuu mwenye bidii hajausugua ukingo huo kwa majivu hadi herufi zikafifia. Kwa zile zisizo na jina, thamani imo katika cheti cha kuachishwa jeshi na katika seti kukaa pamoja, ndiyo maana suluhisho linalopendwa na wazee wa kikao, la kila nyumba kupewa nishani moja, humaliza ugomvi na thamani kwa pigo moja. Huwa nakuta nyumba kubwa imeshika nishani na nyumba ndogo imeficha cheti, kila upande ukisubiri mwenzake achoke.

Ukija kwangu, kwanza nitakuuliza kama nishani ziliorodheshwa katika fomu ya kiapo cha kuomba usimamizi wa mirathi, P&A 5, pamoja na shamba na akaunti ya benki. Kwa kawaida hazimo. Tutaziandika moja moja, pamoja na cheti, tutaje aliye nazo sasa, kisha warithi wote watie sahihi iwapo zinauzwa au zinakaa, na kwa nani. Fedha za awali za mnunuzi zirudishwe kabla ya hapo.