Basi la viungo viwili lina vipande vingapi?

Jana tena nimemsikia mtu mzima kabisa anasema "basi dabo" huku anaonyesha picha ya lile basi refu lenye mikunjo ya mpira katikati, jirani yake akamuuliza, kumbe lina ghorofa? Nikaona hapana, leo naandika.

Maana yenyewe fupi. Basi la kiungo ni basi moja lenye vipande vilivyoshikanishwa kwa kiungo kinachopinda, na ndani abiria anatembea toka mbele mpaka nyuma bila kushuka. Basi la kawaida lina kama mita 12, la kiungo kimoja mita 18, la viungo viwili mita 24 au 25 hivi. Linapinda ili liweze kukata kona, kwisha.

Na siyo basi na trela. Trela unaifungua unaiacha, basi linaendelea na shughuli zake. Hili huwezi, tena mengi ya siku hizi injini iko kipande cha nyuma wakati dereva yuko mbele, yaani mkia ndo unasukuma kichwa, na ndo maana chini ya ile kodiani, yaani ile mikunjo ya mpira, kuna sahani ya chuma inayozunguka na mitungi ya mafuta inayobana mkunjo usizidi, bila hivyo barabara ikiteleza basi linajikunja kama kisu cha mfukoni. Ikarus 280 ya Hungaria, ya tangu miaka ya 1970, injini yake ilikuwa chini ya sakafu ya kipande cha mbele, mkia unaburutwa tu, lakini hata hilo lilikuwa basi moja.

Sasa tuje kwenye kinachoniuma. Jina lote limejengwa juu ya kiungo. Kiingereza wanaliita articulated bus, linatoka kwenye Kilatini articulus, kiungo kidogo, na neno lao la makala, article, limezaliwa humo humo. Wajerumani wanaliita Gelenkbus, na Gelenk ni kiungo kile kile cha goti na kiwiko. Waingereza mtaani walisema tu linalopinda, London iliyaondoa mwaka 2011 ila jina bado wanalikumbuka. Na sisi kiungo tunacho, kinatoka kwenye kuunga, tena tumekitumia mpaka kwenye mpira, yule anayecheza kati anaitwa kiungo kwa sababu anaunga mabeki na washambuliaji, hakuna anayemwita timu mbili. (Vya pilau navyo ni viungo, ila tusitoke nje ya barabara.)

Kwa hiyo kinachohesabiwa ni viungo, siyo vipande. Curitiba kule Brazil tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wana mabasi wanayaita biarticulado, na hiyo "bi" ndo inawapoteza watu, wanasikia mbili wanadhani vipande viwili. Hapana, mikunjo ndo miwili, vipande vitatu. Angalia mkono wako. Dole gumba lina pingili mbili na kati yake mkunjo mmoja, hilo ndo basi la mita 18. Kidole cha shahada kina pingili tatu na mikunjo miwili, hilo ndo la Curitiba. Usihesabu pale kidole kinapoanzia kwenye kiganja, kuna rafiki yangu alihesabu na pale akanibishia nusu saa nzima.

"Dabo" ndo inavuruga kabisa maana hujui mtu anasema ghorofa, vipande au mikunjo. La ghorofa liite la ghorofa. Na hili refu, kabla hujasema chochote hesabu kodiani, ukiona moja tu basi ndugu yangu hilo ni la kiungo kimoja, hata kama foleni yote imejificha nyuma yake.